Kuni za Mwaka Jana

Mtu anayechoma kuni mbichi simwamini kwa lolote. Akiniambia mvua haitanyesha leo, naingiza kahawa yangu ndani. Akiniambia ng'ombe wake anatoa maziwa mengi, namuuliza anayapima kwa kikombe cha nani. Kuni zinataka kitu kimoja tu kutoka kwa binadamu, nacho ni kukumbuka mapema, na mtu aliyeshindwa na hilo atashindwa na mengine yote.

Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara ndiye ninayemwona kila siku, kwa hiyo ndiye ninayemsema. Ana mashine ya kusaga mahindi ambayo mkanda wake ulikatika zamani, akaufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukikatika tena anaongeza mpira mwingine, na sasa sijui kama humo bado kuna mkanda au ni mafundo matupu. Beringi inalia kutoka asubuhi mpaka jioni. Nilimwambia inaomba grisi. Akasema imezoea. Kuni zake anazimwaga chini kwenye udongo, zinanyeshewa, zinaota uyoga, halafu mke wake anapiga magoti kuzipuliza hadi macho yanakuwa mekundu. Moshi wake unapita kwenye migomba yangu na kuingia jikoni kwetu bila hodi. Huyo ndiye mtu aliyechaguliwa kukaa kwenye kiti changu, na nitaeleza ilivyokuwa.

Mimi nilikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba kubwa la kahawa huku chini, upande wa Makumira, hadi nilipostaafu nikarudi mlimani kwenye kihamba cha baba, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Nimefungua injini ambazo watu walishazitolea rambirambi, zikawaka. Sijisifu. Nasema tu kwamba mashine haina siri. Inataka mafuta, inataka usafi, inataka nati zilizokazwa, basi. Lakini watu wetu wanapenda iwe na mashetani, kwa sababu shetani akilaumiwa hajibu. "Imegoma tu," wanasema. Hebu niambie, chuma kinagoma vipi? Chuma kina chama cha wafanyakazi?

Sikiliza basi, kama wewe ni mtu wa kusikia. Kuni zikatwe kiangazi. Mti wa mgrivelia upasuliwe ungali mbichi, kwa sababu ukikauka mzimamzima shoka litakurudia usoni. Panga kuni juu ya mawe zisiguse ardhi, magome yatazame juu, kichwa cha rundo kifunikwe bati na ubavu uachwe wazi upepo upite. Wapo wanaofunika rundo zima kwa turubai, kila upande, halafu wanashangaa zimeoza. Umeziziba mdomo na pua, ulitarajia nini? Na kanuni kubwa kuliko zote ni hii: kuni za mwaka huu zinachomwa mwaka ujao. Mimi nina marundo mawili chini ya banda. Moja linaliwa, la pili linasubiri. Mke wangu haruhusiwi kugusa linalosubiri hata kama mgeni aliyekuja ni askofu. Nilijivunia sana kanuni hiyo, na ndiyo iliyokuja kuniumbua.

Chini ya banda hilo hilo inakaa mashine ya kumenyea kahawa, aliyoiacha baba. Ni ya mkono, ina gurudumu kubwa la kuzungusha, na ndani yake kuna pipa la chuma lililovikwa bati la shaba lenye vinundu. Kahawa mbivu inaingia juu, pipa linaisukuma kwenye kisu, ganda linatoka huku na mbegu zinatoka kule. Kazi yote iko kwenye nafasi kati ya kisu na pipa. Ikibana mno, mbegu zinakatika. Ikiachia mno, kahawa inapita na ganda lake. Nafasi hiyo inawekwa kwa bolti, na bolti inashikiliwa na nati ndogo ya kubana. Nati hiyo ikikosekana kisu kinatembea, na kisu kikigusa shaba, shaba inachanika. Kwa hiyo ukirekebisha mashine ya kahawa, kitu cha mwisho mkononi mwako kiwe ile nati. Nilivyowaimbia vijana wa kazi neno hilo kule shambani, mpaka wakanipa jina kwa sababu yake. Na nati zangu zote nazikata alama tatu kwa tupa, maana najua watu wanavyopenda nati za wenzao.

Baba alipofariki, kihamba kiligawanywa kati yangu na mdogo wangu. Tulizaliwa sisi wawili tu, sina ndugu mwingine wa tumbo moja. Mashine ikakaa kwangu lakini ikawa ya wote wawili. Mdogo wangu alikuwa ameishi Sombetini miaka mingi akifanya vibarua vya ujenzi. Alirudi na mke wake, na binti yao, na tabia zake za mjini. Panga analiacha nje linyeshewe. Majani ya ng'ombe anayakata kwa kisu cha jikoni. Ukimwonya anasema itakaa sawa. Itakaa sawa! Tangu nizaliwe sijaona kitu kilichokaa sawa chenyewe. Nikaanza kumfundisha, jinsi ya kupanga kuni, jinsi ya kunoa, jinsi ya kusafisha mashine isiachwe na maganda yakaila kwa uchachu. Alisikiliza. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba alisikiliza kwa upole, hakubisha hata siku moja, na kila asubuhi aliniamkia shikamoo kaka kabla ya neno lingine lolote.

Sasa uzio. Mpaka kati yake na mimi ulikuwa wa masale, yaliyopandwa na baba. Kwa asiyejua, isale ni mmea wa majani marefu membamba, ukichomeka kipande cha shina popote kinashika. Huku mlimani masale ndiyo mipaka ya vihamba tangu mababu. Isale lina na kazi nyingine. Mtu aliyemkosea mwenzake sana, kosa ambalo pole ya mdomo haitoshi, anachuma jani la isale, analifunga fundo, anampelekea. Ukipelekewa isale hukatai. Ukikataa, wazee hawakai na wewe tena. Haya niliyajua tangu utotoni na nikayaheshimu kama unavyoheshimu picha iliyo ukutani kwa watu. Lakini kama uzio? Ah, wapi. Mbuzi anapita, mbwa anapita, kuku anapita na vifaranga vyake. Nilisema waziwazi kwamba mmea usiozuia hata kuku ni mapambo.

Nikayang'oa. Yote, ya mpakani na ya barabarani, nikapanda michongoma. Huo ndio uzio wa watu wenye akili, miiba yake hata ng'ombe mwenye njaa anaisalimia kwa mbali. Unaupunguza mvua zinapoanza, si kiangazi, na panga lipite kwenye tupa kwanza. Chini uuache mpana kuliko juu ili jua lifike miguuni. Wengi wanafanya kinyume, wananyoa chini na kuacha juu, uzio unasimama kama mwavuli na mbuzi wanapumzika kivulini.

Mke wangu aliponiona na jembe mpakani alisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, akaingia ndani. Mdogo wangu hakutania. Alisimama upande wake akasema jambo moja tu, kwamba hayo masale aliyapanda baba. Nikamjibu kwamba baba alipanda na viazi, na tulivila.

Kesho yake nikamwona anaokota vile vipande vya mashina nilivyotupa. Aliviokota vyote, akavichomeka upya upande wake, hatua nzima ndani ya ardhi yake. Hatua nzima alijipunguzia mwenyewe, mpaka wote! Nikamwita mke wangu aje aone mtu anavyopanda takataka zangu. Hakuja. Nilicheka peke yangu wiki nzima.

Kuna jambo la mchongoma ambalo sikumwambia mtu yeyote. Unachelewa. Mwaka wa kwanza uko kwenye kifundo cha mguu, wa pili uko magotini, na wakati wote huo mbuzi anauruka bila hata kuinua kichwa. Masale nilikuwa nimeshayatoa. Kwa hiyo kwa muda mrefu mimi, mwenye uzio wa watu wenye akili, sikuwa na uzio.

Ikaja kahawa ya mwaka jana. Asubuhi moja ilikuwa zamu ya mdogo wangu kumenya, nami nikatangulia bandani kumrekebishia mashine, maana kumwachia spana yeye ilikuwa haiwezekani. Nilikuwa katikati ya kupanga rundo jipya la kuni, lile la kusubiri, lilikuwa limefika kifuani. Nikafungua nati ya kubana, nikaiweka pembeni, nikasogeza kisu nikapima nafasi kwa unene wa kucha. Hapo hapo nikasikia mke wangu anapiga kelele kwamba mbuzi wako kwenye sukuma wiki. Mbuzi wa nani? Wa huyo huyo jirani. Wamepitia wapi? Palipokuwa na masale.

Nikashika fimbo nikawafukuza hadi barabarani, na barabarani nikamkuta mwenye mbuzi. Tulisemezana kwa kirefu. Nilimweleza kuhusu mbuzi, nikaunganisha na beringi, nikamalizia na moshi. Niliporudi nilikuwa na hasira tamu, ile ya mtu aliyeshinda maneno. Nikamalizia kupanga kuni zangu mpaka juu, nikafunika bati, nikaingia kunywa chai.

Mdogo wangu akaja na vikapu vya kahawa, pamoja na shemeji zake wawili, kaka za mke wake, waliotoka Levolosi kusaidia kuchuma. Aliniuliza mlangoni kama mashine iko tayari. Nikamwambia iko tayari, na kwamba nimeiweka vizuri kiasi kwamba hata yeye hawezi kuiharibu. Shemeji zake wakacheka kidogo kwa adabu. Yeye akashukuru.

Sijamaliza kikombe nikasikia shaba inachanika. Ukishaisikia sauti hiyo mara moja huisahau. Nikakimbia. Bati lilikuwa limepasuka upande hadi upande, kisu kimelala juu ya pipa, na bolti iko tupu, haina nati. Mdogo wangu bado ameshika gurudumu. Nikaona bolti tupu, nikamwona yeye, hesabu ikaisha.

"Mashine ya baba imekaa miaka yote hii inasubiri mikono yako," nilimwambia. "Nati inalegea unaiona, inadondoka unaiona, na bado unazungusha. Ungebaki huko Sombetini ukabebea watu zege."

"Kaka," alisema, "hiyo nati sikuikuta."

"Na akili hukuikuta."

Nilisema hivyo mbele ya ndugu wa mke wake. Kwetu unaweza kumtukana mtu mbele ya watoto wake mkasahau, lakini mbele ya mashemeji hapana, maana hao ndio waliomkabidhi dada yao wakiamini ni mtu mzima. Mdogo wangu aliachia gurudumu. Alifunika vikapu kwa majani ya migomba, wale wawili wakavibeba bila kunitazama, wakavuka barabara kwenda kumenyea kwa jirani, kwenye mashine yake ya kahawa iliyoshikiliwa kwa waya.

Niliitafuta ile nati kwenye maganda, kwenye matope, kwenye mfereji, ili nimwekee ushahidi mbele ya macho. Sikuiona. Nikajiambia ameitupa kusudi. Nikalivika pipa shaba mpya kwa mikono yangu mwenyewe, nikatia nati nyingine, nikaifunga mashine kwa kufuli.

Basi mwaka ukapita hivyo. Mdogo wangu akawa akikutana nami njiani anatazama kahawa, kana kwamba hajawahi kuiona. Shikamoo yake sikuisikia tena. Mke wake aliendelea kuniamkia kutoka ng'ambo ya masale, nami nikamwitikia marahaba, na kila marahaba ilinikwama kidogo. Nilijipongeza kwamba sasa hakuna anayeazima panga langu na kulirudisha butu. Uongo mtupu. Iliniuma. Nilikuwa nikimaliza kutengeneza kitu nageuka kumweleza mtu nilivyokitengeneza, hakuna mtu. Mke wangu alishakataa kazi hiyo miaka mingi nyuma.

Mwaka huu binti wa mdogo wangu akapata mchumba, na ikapangwa Jumamosi wageni wa posa waje. Kwetu baba hamsemei binti yake siku hiyo. Anayekaa kiti cha mbele, akapokea maneno na kuyajibu, ni baba mkubwa, na baba mkubwa wa binti yule ni mimi, hana mwingine duniani. Sikualikwa. Mke wangu alikwenda kusaidia kuchambua mchele akarudi na habari. Ameombwa jirani akalie kiti.

Jamani! Mtu aliyeshindwa kukaza mkanda wa mashine, ataweza kukaza maneno ya wakwe? Atawaambia nini, imezoea? Nilitembea kihamba chote nikimsema kwa sauti. Nikamsema na mdogo wangu, kwamba kama ameamua kumfunga binti yake kwa mpira wa tyubu, shauri yake. Halafu nikakaa kwenye jiwe karibu na mgomba na nikajua kwamba nataka kile kiti kuliko kitu chochote. Yule binti nilimchongea mwiko wake wa kwanza. Nilitaka nimsemee mimi.

Jumatano ya wiki hiyo nilikuwa uani nanoa panga. Mke wangu alikuwa akitoa kuni bandani. Lile rundo lililokuwa likisubiri mwaka jana sasa ndilo lililokuwa likiliwa, na alikuwa amelishusha hadi usawa wa kifua. Nikasikia kitu kimegonga sufuria. Akaja hadi niliponyoosha mguu, akafungua kiganja.

"Hii imetoka kwenye kuni za mwaka jana," alisema. "Zile ulizosema tusiguse."

Ilikuwa na kutu kidogo. Nikaigeuza. Alama tatu za tupa.

Sikuhitaji kuambiwa. Niliuona mkono wangu mwenyewe ukiiweka juu ya gogo, kwa dakika moja tu, mbuzi wako kwenye mboga. Halafu nikarudi na ushindi wangu wa barabarani, nikapanga kuni juu yake, magome yakitazama juu, kama inavyotakiwa. Mke wangu hakusema nyani haoni kundule. Aliisema kwa mgongo, akirudi jikoni.

Nitasema ukweli wote. Wazo la kwanza lilikuwa choo. Nati ni ndogo na shimo la choo ni refu. Mke wangu asingemwambia mtu, namjua, angenyamaza hadi kaburini, na kila akileta kuni angenitazama mara moja tu. Hapo nikasimama. Mimi, niliyewaita watu wazima mafundi wa mafundo, nilimvunjia heshima ndugu yangu wa pekee kwa kosa ambalo kijana wa wiki ya kwanza kazini angefukuzwa kwalo.

Kosa la namna hiyo huendi nalo mikono mitupu. Linataka isale. Nikazunguka uzio wangu, upande wa chini, wa juu, wa barabara. Mchongoma, mchongoma, mchongoma. Jani moja la isale halikuwepo kwenye kihamba chote alichoacha baba upande wangu. Jirani anayo mengi, maana huyo hajawahi kung'oa kitu, hata magugu. Lakini nimwombe yeye? Angeuliza la nini, na habari ingelia kama beringi yake hadi Usa River.

Yalibaki yale ya mdogo wangu, yaliyotoka kwenye takataka zangu. Yalikuwa yamekua, marefu, yamesimama mstari mzuri. Nikafikiri nichume moja kimyakimya kutoka upande wangu, nani ataona? Nikapenyeza mkono. Ndugu msomaji, michongoma ilikuwa hatimaye imefika. Ilikuwa ukuta. Nilitoa mkono una damu hadi kwenye kiwiko na sikuwa nimegusa hata ncha ya jani. Uzio mzuri kabisa. Nikapitia getini kama mgeni, panga mkononi.

Shemeji, mke wa mdogo wangu, alikuwa akifagia uwanja. Alinyanyuka akaniamkia, nikaitikia. Kisha nikamwambia naomba jani moja la isale. Alitazama mkono wangu wenye damu, akatazama usoni, na nikaona amejua.

"Chukua, shemeji," alisema. "Ila panga liache hapo. Ukikata katikati linaoza. Shika chini kabisa, vuta taratibu, linaachia lenyewe."

Sijawahi kufundishwa kazi ya uzio na mtu yeyote tangu nikiwa mtoto. Nikaliacha panga. Nikashika chini, nikavuta taratibu, likaachia.

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni. Kabla hajaniona niliona rundo lake. Lilikuwa juu ya mawe. Magome yalitazama juu. Kichwani bati, ubavuni wazi. Pembeni palikuwa na rundo la pili, la kijivu, kavu, la mwaka jana. Mwaka mzima hatusalimiani, naye alikuwa akipanga kuni nilivyomfundisha.

Nikafunga fundo, nikampa jani kwa mikono miwili, na nati juu yake. Nikamwambia nati ilikuwa kwenye kuni zangu, niliiweka mimi, sikuirudisha mimi, na kwamba nimemkosea, na nilimkosea mbele ya shemeji zake.

Alilaza shoka chini. Alipitisha kidole gumba kwenye zile alama tatu, moja, mbili, tatu.

"Nilijua," alisema. "Niliiona bolti iko wazi kabla sijazungusha. Nikasema fundi ni kaka, amesema iko tayari."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile, pale pale. Akanitazama kama anayemwonea mtu huruma kwa swali lake.

"Niseme mbele yao kwamba kaka yangu amesahau nati? Njiani waliniuliza. Niliwaambia niliiangusha mimi."

Nilikaa kwenye gogo lake. Nilikuwa nimemdharau mtu huyu kwa kila kitu anachoshika, na mwaka mzima alikuwa ameshika jina langu lisianguke mbele ya watu wa mke wake, nami sikujua hata kushukuru. Nililia. Sina aibu kulisema, mzee mzima, mkono una damu, kwenye uwanja wa watu.

Yeye alilichomeka lile jani kwenye paa la banda lake, mahali pa kuonekana, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, kaka," alisema.

"Marahaba," nikamwitikia, na haikukwama.

Jumamosi nilikaa kwenye kiti changu. Wale shemeji zake wawili wa Levolosi walikuwepo, na kabla sijapokea neno lolote la wageni nilisimama nikawaeleza habari za nati, ilikuwa ya nani na ilikuwa wapi. Mdogo wangu alitazama chini muda wote. Jirani aliwekwa kando yangu, hakukasirika, alisema yeye kile kiti alikuwa amekishikilia tu. Koti lake lilinuka moshi wa kuni mbichi na nilivumilia hadi jioni. Sijabadilika kiasi hicho. Kuni ni kavu au si kuni.

Lakini mdogo wangu alinipa vipande vitatu vya mashina, nikatoa michongoma miwili mpakani, pale kati yetu, nikavichomeka. Vimeshika. Leo asubuhi kuku wa jirani amepita hapo na vifaranga vyake sita, taratibu, bila kuinamisha kichwa. Nilikuwa na fimbo mkononi. Nikamwacha apite.